Siku ya Singa, Pongwe

Miaka hamsini leo tangu Wadachi washinde vita ile,
na taa zimetundikwa toka stesheni hadi kinuni.
Matarumbeta. Mkate wa tangawizi kwa watoto.
Meneja kapanda jukwaani:
anashukuru mvua, anamshukuru Kaiza,
anaushukuru hata udongo mwekundu wa Pongwe.
Mikono hakuitaja.

Kisha wanamwita Sechonge, mlisha kinu,
wamvike taji la singa nyeupe
kama ndevu za mtakatifu wao.
"Wapungie watu!"
Anapunga wa kushoto.

Wa kulia ulibaki kinuni mwezi wa tatu,
na mzigo wa siku ile, karani Mwinyihija kaniambia,
ulioshwa mara mbili,
ukaanikwa,
ukapewa daraja la kwanza.