Chaki Iliisha Jumatatu

Chaki iliisha Jumatatu, saa tatu na dakika kumi,
katikati ya tarakimu nane.
Kikabaki kichwa tu ubaoni, hakina tumbo,
na watoto sitini na wawili wakingoja nimalize.
Mkuu wa shule akasema, "Vumilia, Ithungu, hadi Alhamisi."
Alhamisi! Kana kwamba akili ni maharage:
unaloweka, unafunika, unakwenda zako.

Nikafungua daftari la mahudhurio.
Kwetu Bwera jina lenyewe ni hesabu:
Baluku katangulia, Bwambale kamfuata,
Masereka wa tatu, Kule wa nne, Thembo wa tano, Mbusa wa sita.
"Simameni kwa majina!" Vumbi likatimka.
Akina Masika mbele, akina Biira nyuma yao,
Kabugho wanne wakisukumana,
na mimi Ithungu, binti wa tano kwa mama yangu,
nikaenda kusimama mahali pangu,
nyuma ya Mbambu mwenye pengo la meno mawili.
Walicheka hadi darasa la nne likachungulia dirishani:
mwalimu kapanga foleni!

"Kati ya Baluku na Mbusa wamezaliwa wangapi?"
"Wanne!" wakapaza, isipokuwa Mbusa mwenyewe,
ambaye huutazama ubao
kama mtu atazamavyo mto uliofurika:
ng'ambo anaiona, pa kuvukia hapaoni.

Jumanne mvua ikapiga mabati, sauti yangu ikazama.
Kwa ishara tu, tukatega jerikani chini ya paa,
kila mmoja kidole kwenye kifundo cha mkono,
akihesabu mapigo yake mwenyewe
hadi lita ishirini zikamwagika.
Mvua ilipopungua, kila mtu na jibu lake:
mia nne na tisa, mia tano na kumi,
Kyakimwa, aliyekuwa akirukaruka, mia saba.
"Nani kakosea?" nikauliza.
Wakanyamaza.
Nami nikanyamaza. Sijalipata bado jibu lile.

Jumatano jioni nikapitia sokoni.
Mbusa alikuwa nyuma ya meza ya mama yake,
kikombe cha kupimia mkononi, kamasi puani.
Mteja mmoja kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha
akatoa faranga, akataka vikombe vitatu na nusu,
arudishiwe kwa shilingi, na apunguziwe juu yake.
Mbusa hakutazama mbinguni, hakugusa vidole.
Alifumba jicho moja tu,
kama afungaye mlango kelele zisiingie,
akatoa chenji.
Yule mama akaihesabu mara mbili, akaikunja, akaondoka.
Mimi nilikuwa bado kwenye kikombe cha pili.

Nikanunua vyangu viwili, nikalipa, nikageuka niende.
"Mwalimu," akanong'ona, "umezidisha mia mbili."
Akanitilia sarafu kiganjani bila mama yake kuona,
kwa adabu ya mtu amfunikaye shuka
mwenzake aliyelala vibaya.

Alhamisi chaki ikaja, boksi zima,
na mkuu akaja nayo, na swali lake:
"Siku tatu umefundisha nini? Maandalio yako wapi?"
Nikaandika mbele yake, amesimama:
Jumatatu, majina.
Jumanne, mvua.
Jumatano, maharage. Mwalimu: Mbusa.
Akasoma, akakuna shingo, akaenda kuigonga kengele
kabla ya wakati wake.

Nikamwita Mbusa ubaoni.
Kile kichwa cha nane kilikuwa bado pale,
hakuna aliyekifuta, hata zamu ya usafi.
Akakizunguka kwa macho.
"Hiki ni kikombe kimoja," akasema, "kimekosa mwenzake."
Akachora wa chini, polepole, ulimi nje,
ukawa mkubwa kuliko wa juu, umeinama upande
kama gunia lililoshushwa kwa haraka.

Darasa kimya. Kisha Kabugho mmoja, yule wa nyuma kabisa:
"Hiyo nane ni ya faranga au ya shilingi?"

Nami nikamtazama Mbusa.