Treni ya Wesha

Kisiwa chetu hakina reli.
Anayebisha na atoke Mkoani hadi Konde, aingie kila kichaka,
aniletee taruma moja, hata bovu.

Na bado mimi, Faki Shaame, nasema
niliendesha treni ya mizigo miaka ishirini na miwili
pale Wesha, ndani ya banda la bati,
na sikufika hata Chake.

Waliileta kwa tishari, imevikwa turubai,
ikateremshwa kwa minyororo, dua na matusi.
Injini tupu. Magurudumu hakuna, honi hakuna,
silinda kumi na mbili zikingojea mlima.
Wakaikaza kwa boliti juu ya saruji,
wakaifunga jenereta mkiani, pahala pa mabehewa.

Fundi Kasanga wa Tabora, aliyekuja kuifunga,
alitia ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho kama asikilizaye siri za watu.
"Naijua hii. Ilivuta pamba na ng'ombe na chumvi ya Uvinza.
Sikia ya saba: inagonga.
Tangu mlima wa Saranda inagonga. Usiiguse, utaiudhi."
Akapanda meli. Sikumwona tena.

Nikabaki nayo, na ya saba yake.

Mzigo wangu haukuwa wa magunia.
Magharibi ikiadhiniwa nilisikia Chake inaning'inia nyuma:
taa za Machomane, pasi ya Bikombo mshoni,
barafu ya wauza samaki,
hospitali na friji yake ya dawa.
Injini ikashusha sauti, ikainama, ikavuta.
Hiyo ndiyo Saranda yetu, kila siku saa moja.
Usiku wa daku mlima ulikuja mara mbili.
Usiku wa fainali sikuhitaji redio:
filimbi ya mwisho, televisheni zikazimwa,
na chuma kikapumua kama punda aliyetuliwa mzigo.

Mafuta yalipochelewa nilikata mitaa kwa zamu,
na sokoni wakanitukania mama,
mama niliyemzika kwa taa ya karabai
siku ambayo pia hapakuwa na dizeli.
Hilo sikuwaambia.

Mize alifua kanzu mara mbili, na bado msikitini
watu waliniachia nafasi safuni.
"Hata usingizini unagonga," alisema,
akanihesabia mbavu kwa kidole,
akasimama ya saba.

Kisha waya ukaja kutoka Tanga, chini ya bahari,
mnene kama paja, kimya kama deni.
Wakubwa walivaa miwani, wakabonyeza kitufe.
Mimi nilifunga koki ya mafuta.
Ilikohoa, ikazunguka kwa kiburi cha zamani,
ya saba ikagonga peke yake, mara moja,
basi.
Usiku ule Wesha nzima haikulala.
Watoto walilia, hawajui wanalilia nini.

Wanunuzi wa vyuma chakavu waliikata kwa gesi.
Boliti nne zimebaki kwenye saruji,
kuku wa jirani hutaga katikati.

Mwaka jana nilipelekwa Dar kutazamwa macho.
Nikamwambia mjukuu: daktari atangoja, nipeleke relini.
Tukasimama Buguruni, vumbi hadi kopeni,
ikaja: kichwa, halafu mizigo, mizigo, mizigo,
kitu kizima kinahama mahali!
Nikasikiliza. Nikainua mkono, nikapiga kelele:
"Ya tano! Ya tano inakosa!"
Dereva akadhani namsalimia, akapiga honi.

Niliporudi Pemba, Mize hakuuliza macho.
"Haya, treni ziko vipi?"
Nikavua viatu, nikakaa barazani.
"Zinakwenda," nikamwambia. "Zinakwenda kweli."