Kielelezo cha Tatu

Puno, mwezi wa saba. Katika ukumbi wa mahakama ya jeshi
hita ni moja, nayo imeelekezwa kwa majaji.
Mimi ni karani. Kazi yangu gundi na namba.

Kielelezo cha kwanza: blanketi la jeshi, rangi ya majivu,
lililookotwa mita mia mbili kutoka lindoni.
Cha pili: tochi isiyo na betri.
Mwendesha mashtaka anavinyanyua kwa ncha za vidole
kama mtu anayetoa panya kwenye unga.

Kuruta Huaraya amesimama wima, masikio mekundu kwa baridi.
Mama yake, aliyekuja kutoka Huancané kwa lori la viazi,
hajui Kihispania. Mkalimani anamrushia kila sentensi ya nne.
Alipooneshwa blanketi aliuliza moja tu:
"Sasa usiku ule alijifunika nini?"
Halikuandikwa. Shahidi haulizi.

Kielelezo cha tatu: daftari la zamu.
Saa tisa na dakika kumi usiku, sahihi ya Huaraya.
Kisha hakuna neno mpaka alfajiri.
"Ukimya huu," anasema mwendesha mashtaka, "ni ungamo."
Kapteni Zegarra, mtetezi, anatazama saa.
Ana kesi nyingine mchana.

Lakini daftari hili nililipokea mimi, tarehe nne,
nikalihesabu, maana mimi huhesabu hata vifungo:
karatasi arobaini na nane.
Jana jioni, nikibandika lebo,
karatasi ya mwisho ilicheza kama jino la mtoto.
Karatasi za daftari huzaliwa pacha;
ukiing'oa moja huku mbele, mwenzake nyuma hulegea.

Funguo za kabati ni mbili: yangu, na ya Meja Olaechea.
Meja yuko mstari wa mbele, glavu magotini.
Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu.

Jaji anafunga faili. "Karani, thibitisha
vielelezo viko kama ulivyovipokea."
Maneno ya desturi. Miaka ishirini na miwili
nimeyaitikia bila kuinua kichwa.

Nikafungua daftari. Nikalowesha kidole.
Moja. Mbili. Tatu.
Ukumbi ukasubiri, kwanza kwa adabu, baadaye kwa hasira.
Kumi na tisa. Thelathini.
Mkalimani akanyamaza; yule mama hakumhitaji tena,
alikuwa akikunja vidole, karatasi kwa karatasi, pamoja nami.

Nilipotamka arobaini na saba
glavu za Meja zilikuwa sakafuni.