Saa Tisa na Nusu, Dundee

Kwetu saa huhesabiwa kwa jua:
likichomoza, tunaanza moja.
Hapa, Desemba, saa moja ni usiku,
saa mbili ni usiku,
na jua likija, karibu saa tatu, huja limejitanda shuka
kama mtu aliyeamshwa na simu ya kukosea namba.
Saa tisa na nusu limeshaaga.

Zoezi la kwanza, kasema Mwalimu Innes, ni mwanga.
Nikacheka peke yangu darasani.
Katika lugha yangu neno hilo wanaishi wawili:
huu unaotuonyesha njia,
na yule atokaye usiku wa manane kuwanga nyuani mwa watu.
Sikumweleza.
Nilitoka na stendi ya miguu mitatu,
kitambaa cheusi kichwani,
nikasimama chini ya taa ya barabara ya Perth
nikihesabu sekunde thelathini kwa kunong'ona.
Mama mmoja mwenye mbwa akavuka upande wa pili.
Basi, mwanga nikawa mimi.

Jikoni kwa Bi Petrie nikajaribu tena.
Taa ya mezani, foronya,
karatasi ya fedha ya kuokea kuku,
limau moja lililoanza kusinyaa.
Taa ubavuni: limau likawa mwezi.
Taa kutoka chini: likatisha, likawa na kidevu.
Taa usoni moja kwa moja: limau tu, la dukani, la peni thelathini.
Nikaandika daftarini:
usimulike kitu kama polisi.

Kisha kukaribia.
Barafu kwenye kioo cha kituo cha basi,
majani yake, mishipa yake,
nikasogea, nikasogea,
pumzi yangu ikaiyeyusha.
Nina picha kumi na moja za maji.

Bi Petrie akaweka mkono mezani, “Piga hiki!”
kwa kelele, maana yeye huongea kwa kelele,
mashine za kiwandani zilimla masikio
hajatimiza miaka ishirini.
Kidole gumba. Kovu limelala juu yake kama uzi.
Jute, akasema. Magunia.
Nikamwambia bibi yangu, Korogwe, alikata mkonge,
na miiba haikumwacha hivi hivi.
Hakusikia. Au alisikia, akatazama birika.
Nikasogeza lenzi hadi kovu likajaa fremu,
hadi likaacha kuwa la mtu,
likawa bonde, na ndani yake mto uliokauka,
nikahangaika na fokasi, na kivuli cha ukucha,
nikasahau kwamba bonde lile linasikia baridi
mpaka liliposema, chai inapoa.

Mandhari ilinishinda.
Nilipanda kilima cha Law, upepo ukitikisa stendi,
mto Tay chini, daraja la reli limepinda kidogo
kama mtu anayegeuka kuangalia alichosahau.
Vyote vikubwa. Havikuingia.
Kila picha ilitoka kadi ya posta
ya mtu mwenye haraka.
Isipokuwa moja, niliyoibonyeza kwa bahati mbaya nikishika kofia:
kivuli changu, saa sita mchana, kirefu kama cha jioni,
kimeteremka hadi kwenye mapaa ya watu.
Sisi tuna kivuli na tuna uvuli.
Uvuli, huku, hakuna anayeuulizia.

Mwalimu aliipenda. Alisema niikate pembeni.
Sijaikata.

Bi Petrie yeye hakutaka mto wala kilima.
Alitaka gumba lake,
akalibandika kwa sumaku kwenye friji
juu ya bili ya gesi,
kichwa chini.
Nilinyoosha mkono niligeuze, nikaurudisha.
Ukiingia upesi kuchukua maziwa,
taa haijawaka,
utadhani ni daraja.