Kikombe Chenye Fuvu

Kibanda changu kina upana wa kitanda:
viti vitatu vifupi, katuni za kupaka rangi,
kalamu za nta zilizovunjika, kipaza sauti,
na bango juu ya mlango, WATOTO WALIOPOTEA,
ingawa mimi, Ludmila Hruska, kwa majira kumi na tisa ya joto
nimeona kwamba aghalabu anayepotea ni mzazi.
Mtoto huwa amesimama palepale alipoachwa,
akitazama farasi wa mbao wakizunguka.

Mwezi wa Juni, ng'ambo ya njia, hatua ishirini na sita,
wakafungua baa ya maharamia.
Mlango ni mdomo wa pango la saruji.
Ndani, kiunzi cha mifupa ya plastiki huinua kikombe
kila dakika nne, kikacheka, kikashusha, kikainua tena;
hakilewi wala hakimalizi.
Wakubwa huuziwa ramu.
Wadogo huuziwa sharubati ya nanasi
katika kikombe kilekile chenye fuvu.
Tofauti ni stika: nyekundu ya mkubwa, kijani ya mtoto,
na stika, kwa joto la Julai hapa Pennsylvania, hubanduka.

Sisemi kama mhubiri.
Baba yangu alitoka mgodini na vumbi mpaka kwenye kope;
bia yake ya kwanza sikumwonea kinyongo.
Ya saba ndiyo niliyoijua, kwa mlio wa funguo
zikitafuta tundu la kitasa.
Nami Ijumaa hufungua yangu moja mbele ya runinga.
Tena niseme kweli: pango hilo ndilo lililolipia mbao mpya
za reli ya kutumbukia, iliyofungwa misimu miwili.
Farasi wamepata mikia.
Mshahara wangu umepanda senti arobaini kwa saa.
Nimekula cha pango; nitalitukana kwa mdomo upi?

Nimemwona pia Bi Oberholtzer, miaka themanini na moja,
kivulini na glasi ya pombe ya tufaha,
wajukuu wamemzonga,
akacheka hadi meno ya bandia yakamponyoka.
Nani amwambie kwamba amekosea mahali?

Lakini Jumamosi ile nililetewa mvulana.
Miaka mitano. Kamba ya kiatu imefunguka.
Jina? Thaddeus.
Baba yako yukoje, Thaddeus?
Akafikiri kama wafikirivyo watoto, kwa mwili mzima.
"Ana kikombe chenye fuvu."

Nikachungulia nje.
Njia nzima ilikuwa mafuvu.
Mafuvu yanasukuma vigari vya watoto,
mafuvu yanapiga picha,
mafuvu yamebeba mabinti mabegani.
Shati lake rangi gani? Hajui.
Ana ndevu? Hajui.
Nikawasha kipaza sauti,
nikakizima.

Baada ya dakika kumi na moja baba akaja mbio,
nami nilikuwa nimeshamwandalia maneno.
Hakuwa amelewa.
Kikombe kilijaa pomoni, hajaonja hata tone;
foleni ndiyo iliyommeza.
Mikono ikamtetemeka, ramu ikamwagikia katuni ya nyangumi.
Akapiga magoti akafunga kamba ya kiatu,
akaifungua, akaifunga tena, akaifungua, akaifunga.
Maneno yangu nikayameza.
Waliondoka wameshikana mikono.
Kikombe kilibaki kwenye kaunta.

Jioni wakubwa wa bustani walitugawia karatasi:
Je, mahali pa familia pawe na baa? Ndiyo. Hapana.
Weka alama moja.
Kalamu niliyoipata ilikuwa ya nta, ya zambarau, butu.
Sikuweka alama. Niliandika pembeni, kwa herufi kubwa:
KIKOMBE CHA MTOTO KIWE KINGINE.
Kisha nikaona haitoshi, na nafasi imekwisha.

Nilimwaga ramu kwenye changarawe nyuma ya kibanda.
Nyigu walifika kabla sijafunga mlango.
Taa zote zilikuwa zimezimwa,
na kule pangoni, gizani, mtu alisahau swichi:
nikasikia kicheko,
nikahesabu dakika nne,
nikasikia tena.