Upande Mmoja Bado

Jumamosi, Aikande ananifumua nywele uani,
Majengo, Moshi, nyuma ya duka la viatu vya mitumba.
Zilikuwa twisti za mkono: mafungu mawili yanazungukana,
hayana fundo wala mpira,
yanashikwa na kule kuzungukana tu.
Anaanzia nchani. Mkia wa kitana, vidole, mafuta kidogo.
"Mwalimu, hizi umekaa nazo wiki ngapi?"
Saba. Tangu Majura alazwe.

Miaka tisa nimeichora ngazi hii ubaoni,
darasa linalotazama migomba, Kidato cha Nne,
na ngazi yenyewe vidato vyake ni herufi nne:
A humtaka T, G humtaka C,
hawabadilishani wachumba.
Hapo kila mwaka wanacheka.
Pande mbili zimelala mzungu wa nne,
kichwa cha huyu penye miguu ya yule,
zimeshikana kwa ncha za vidole ili kuachana kusiwe vita.
Seli ikitaka kuwa mbili, ngazi hufumuliwa.
Kila upande hubaki mjane kwa kitambo,
kisha hujipangia mwenzi, herufi kwa herufi,
na ngazi moja huwa mbili,
kila moja nusu ya kale, nusu ya leo.
Chora. Weka majina. Maksi sita.

Sikuwahi kuuliza yangu imeandikwaje.

Daktari wa KCMC aliandika mgongoni mwa bahasha.
Herufi moja. Palipokuwa na A pamekaa T,
na chembe ya damu, badala ya kuwa duara,
inajikunja mundu, inakwama kwenye kona za mwili.
"Moja kutoka kwako, moja kwa baba yake."
Baba yake Mjita, mimi wa Kibosho;
tulikutana chuoni tukisifiana afya.

Usiku wa kwanza wodini nililaani mnakili.
Usiku wa tatu nikamwomba radhi.
Yeye hakukosea: alinakili alichopewa,
akarudi nyuma, akahakiki, akaendelea.
Mkono uliteleza zamani sana, kwa bibi nisiyemjua jina,
na ule mtelezo ukamkinga na malaria,
akaishi, akazaa, watoto wakazaa.
Hata mimi ni salio la kosa lile.
Deni tu ndilo lililochelewa,
likaja kudaiwa kwenye magoti ya mtoto wa miaka kumi.

Upande wa kulia Aikande anateremka kama maji.
Wa kushoto anausogelea kinyumenyume,
kipande, anapumzika, kipande, anaunganisha.
Nataka kumwambia kwamba hata huko ndani
upande mmoja hunakiliwa hivyo hivyo.
Namwacha. Anahesabu.

Majura amekaa mlangoni, soksi mbili mbili,
ananakili masomo ya wiki saba
kutoka daftari la Elinipa, jirani yetu.
Ulimi nje, mwandiko umenyooka.
Ninasoma juu ya bega lake:
*Mmea huhitaji maji, jua na hema.*
Natazama la Elinipa. Hema.
Amenakili vizuri mwanangu, hata nukta hakuacha.

Nanyoosha mkono nichukue ufutio.
Aikande ananirudisha kichwa kwa viganja viwili:
"Tulia, Mwalimu. Upande mmoja bado."