Vidonge Sitini

Sitini kwa mwezi. Kimoja asubuhi baada ya uji wa ulezi,
kimoja usiku baada ya ugali. Vyeupe, vikubwa,
hukwama kooni kama neno la kuomba radhi.
Mama huvihesabu papo hapo, dirishani pa Kitete,
foleni ikiguna nyuma yetu,
maana mwaka juzi walimpunja vinne.

Marehemu baba alikuwa mrina asali.
Mizinga yake ingali porini, upande wa Sikonge;
kaka huivuna, huleta ndoo mbili kila Julai,
na mama, aliyelea watoto saba kwa utamu huo,
siku hizi huunusa tu, akafunika.
Kilichobaki chake ni nta.

Huiyeyusha na mafuta ya alizeti,
huimimina katika kopo la maziwa ya unga.
Jioni hunyoosha miguu, nami naanza kazi:
kisigino kwanza, kilichopasuka kama mbuga ya Septemba,
kisha muundi, kisha unyayo,
taratibu, nikitafuta kidonda asichokihisi.
Kati ya vidole sipaki. Nesi alisema pakae pakavu.
Ngozi yake huteleza juu ya mfupa
kama kanga iliyofuliwa miaka arobaini,
laini kwa kuchakaa.

Jumanne akaja Kalunde, fundi cherehani wa Isevya,
miaka hamsini na mitatu, piko mbichi kichwani,
mashavu yamebabuka kwa mkorogo wa mwaka jana.
Amesikia redioni: wataalamu wanapima
kama dawa hii ya sukari huenda inachelewesha uzee.
"Huenda," nikamwambia.
Neno lenye miguu hilo: huenda, huenda,
na pengine lisifike.
Hakulisikia. "Nikopeshe kumi tu," akamwambia mama,
kama mtu aombaye chumvi.

Mama alicheka hadi akashika mbavu.
"Mwaka wa kumi na moja huu navimeza. Nitazame!
Ujana gani unauona?"
Akabana ngozi ya kiganja, nyuma;
ikasimama kama tuta la viazi,
ikachukua muda wake kulala.

"Una sabini na tisa," Kalunde akasema,
"na karanga zako umezipanda mwenyewe."

Hapo sote tukanyamaza.
Labda ni dawa. Labda ni uji usio na sukari.
Labda ni ile safari ya miguu hadi Kitete
kila tunapokosa hela ya bodaboda.

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," mama akasema hatimaye.
"Babu alipewa pembe, akazifikisha pwani.
Mimi nimepewa miaka. Hakuna aliyeniuliza kama nitue.
Lakini hesabu, mwanangu: kumi ni siku zangu tano.
Utanilipa siku kwa nini? Kwa kushona?"

Kisha akamvuta karibu, akachota nta kwa kidole gumba,
akampaka mashavu yale yaliyoungua,
polepole, akipuliza, kama apakavyo mtoto mwenye surua.
Kalunde alifumba macho.
Aliondoka bila kuaga vizuri, uso ukimeremeta,
ananuka mzinga.

Usiku mama akahesabu tena, taa ikiwa karibu.
Hamsini na tisa.
Hakuutazama mlango aliotokea Kalunde.
Alinitazama mimi,
mimi mwenye arobaini na nne na mikunjo miwili mipya
niliyoiona wiki hii kwenye kioo cha bafuni.

Kilikuwa mfukoni. Sikuwa nimekimeza.
Nilikirudisha kikiwa na joto la paja langu,
kimeanza kuacha unga.

Hakusema kitu. Alikimeza kilekile, na maji,
akakunja uso, akasubiri kishuke.
Halafu akanisogezea kopo.
"Lete mikono," akasema. "Imekauka hiyo."